Fundi Baiskeli, Taja Bei Yako

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa tawi letu, Keko. Nimeiweka hapa kwa wale walioomba.)

 

Najua mlitegemea mwanafunzi wa sheria aje kuongelea Katiba. Nitafika huko. Ila leo naanza na mdogo wangu wa tumbo moja. Amemaliza kidato cha nne. Tangu yuko shule ya msingi, baiskeli ikipita inalia, yeye anakwambia kama gololi zimekauka au cheni imelegea. Haya maguta yanayobeba makochi na vitanda vya mafundi wetu wa Keko, mengi yameshapita mikononi mwake.

Mwezi uliopita alishinda juani na guta moja. Kafungua ekseli, kabadilisha gololi, kapaka grisi, kanyoosha rimu, kakaza spoku moja moja. Gololi kanunua kwa hela yake. Jioni mwenye guta akaja, akalijaribu, akafurahi: "Dogo, Mungu akuzidishie." Akaondoka. Usiku mama akauliza nani ana hela ya unga. Mdogo wangu akanyamaza.

Jamani, dua ni jambo jema, ila dukani hawapimi unga kwa dua. Nikamuuliza, kwa nini hukutaja bei? Akanijibu, "Dada, mi naipenda tu hii kazi. Halafu yule ananiitaga mdogo wake."

Sasa, kuipenda kazi si kosa. Kule Arusha yuko Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyeunda kifaa cha kuchajia simu kwa nguvu ya baiskeli, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Twende, karakana ya wabunifu. Alianza na spana kama huyu dogo. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa unaipenda, basi haina bei. Nina mambo manne.

La kwanza, bei itangulie spana. Tupige hesabu. Tuchukulie pancha unatoza 1,000, solusheni na kiraka ni 200. Inabaki 800. Pancha 10 kwa siku ni 8,000. Toa 2,000 ya chakula, toa 1,000 ya akiba ya vifaa, unabaki na 5,000. Kwa siku 26 ni 130,000. Si utajiri, lakini ni kodi ya chumba na kitu cha kumpa mama. Sasa ukiwazibia bure washkaji watatu kila siku, unapoteza 3,000 kwa siku, yaani 78,000 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya mfuko wako imeondoka na "tutaonana".

La pili, sheria inakujua. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kila mkataba uandikwe. Mkikubaliana kwa mdomo, "gurudumu hili elfu saba," huo ni mkataba. Na fundi aliyeifanyia kazi mali ya mteja ana haki ya kuishikilia mpaka alipwe, kama hamkukubaliana vinginevyo. Ukishaikabidhi, haki hiyo imekwisha, unabaki na deni la kufuatilia. Lakini haki ina mwenzake, wajibu. Baiskeli ya mtu uitunze kama unavyotunza ya kwako. Usiipande kwenda Tandika kumwona mtu bila ruhusa ya mwenyewe! Mnacheka, ila ikigongwa huko ni juu yako. Nunua daftari: jina, tatizo, bei, tarehe. Basi.

La tatu, ongeza ujuzi na uwe na karatasi. VETA Chang'ombe hapo ni pua na mdomo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtaani: unapimwa unachokijua tayari, unapata cheti. Vilevile wanafundisha kuchomelea. Fremu za maguta zinapasuka kila siku kwa mizigo, na anayeziba pancha halafu anachomelea fremu palepale hampi mteja sababu ya kwenda kwingine.

La nne, na hapa ndipo siasa inapoingia. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa baada ya ripoti za CAG kuibua madeni yasiyorejeshwa. Ikarudi 2024. Kwa hiyo walioharibu ni wachache, aliyekaa bila mtaji ni fundi wa Keko. Ile si zawadi ya mbunge wala ya chama tawala. Ni ushuru wa mama yako sokoni. Ukiambiwa uonyeshe kadi ya chama ndipo upewe fomu, jua unaibiwa haki yako mchana kweupe.

Na Katiba niliyoahidi ndiyo hii: ibara ya 22 inatambua haki ya kufanya kazi, ya 23 inatambua ujira unaolingana na kazi. Tunazidai kwa serikali kila siku, na ni sawa. Lakini makamanda, tunawezaje kuidai ibara ya 23 majukwaani huku sisi wenyewe tukimwomba fundi wa mtaani atuzibie bure kwa sababu ni mwenzetu kwenye tawi? Mlipeni!

Wiki iliyopita yule mwenye guta alirudi, breki mbovu. Dogo akasema, "Kaka, hii ni 5,000, na ile ya mwezi uliopita 7,000." Kaka akanuna. Akasukuma guta lake kama hatua ishirini, akasimama, akarudi. Kalipa 5,000. Ile 7,000 imeandikwa kwenye daftari, na ameweka saini.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunaokwenda ofisi ya kata kumuuliza afisa maendeleo ya jamii kuhusu fomu za kikundi, tukutane hapahapa. Tayari tuko wanne. Mafundi, njooni na vitambulisho vyenu.

 Nipeni maswali.