Mishale Miwili Ikipanda Pamoja

(Mazungumzo tuliyofanya na wahitimu wa kisomo mbele ya gari la kijiji)



Leo hatutaki ubao. Tumewaomba mje hapa chini ya mwembe ili tusome dashibodi ya pikapu yetu. Msicheke. Dashibodi nayo ni ukurasa: ina herufi, ina tarakimu, ina mishale. Na sisi tuliopamba ukurasa huu kabla ya kuusoma tulikaribia kupoteza watu wawili.

Gari letu ni Land Rover 109, Series III. Namba 109 si ya urembo. Ni inchi 109 kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Series III zilitengenezwa Uingereza toka mwaka 1971 mpaka 1985, kwa hiyo hili ni gari mzee. Hebu tazameni mbele ya usukani. Kuna saa mbili za duara. Moja ni ya mwendo. Hii nyingine ina mishale miwili: mmoja wa mafuta, mmoja wa joto la maji. Kwenye joto, C maana yake baridi, na H maana yake moto. Kwenye mafuta, E ni tenki tupu, F ni tenki tele.

Mnakumbuka tulivyochanga fedha za kulipamba. Bati linaloshika saa hizi lilikuwa limechubuka na lina kutu. Fundi akalifungua, akalipiga msasa, akalipaka rangi ya kijani, mbele na nyuma, mara mbili. Kazi safi. Wapo waliotaka na pazia lenye nyuzi, lakini hela ilikwisha. Sisi watu wa elimu ndio tuliosifu kuliko wote, heri tuseme kweli.

Baada ya hapo dereva akaanza kutuambia, "Siku hizi gari halinywi sana, ila linachemka." Mshale wa mafuta ulikuwa hauteremki upesi. Mshale wa joto ulikuwa unakwenda karibu na H. Mara mbili alisimama njiani, akafungua boneti, akangoja, akatazama. Maji yamejaa, wala hayachemki. Tukasema, basi, geji imezeeka. Kumbe gari lilikuwa linatuambia jambo, nasi hatukusikia.

Usiku ule wa mvua tulimpakia mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mshale ulionyesha karibu nusu tenki. Kabla ya kufika hospitali injini ikazimika, tenki kavu. Vijana walimbeba mama kwa machela kwenye matope. Mama na mtoto wako hai, lakini mama alipoteza damu nyingi, na wauguzi walituuliza swali moja tu: mbona mmechelewa?

Sasa tueleze sababu. Betri ya gari ni ya volti 12, na injini ikiwaka umeme hupanda mpaka volti 14 hivi. Umeme wa kupanda na kushuka namna hiyo ungeyumbisha mishale. Kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo, mafundi hukiita stabilaiza. Kazi yake ni kuzipa geji hizi mbili umeme wa volti 10 hivi, basi. Ndani yake mna kibati kinachopata joto na kukata umeme, kisha kupoa na kuurudisha, tena na tena. Ili kifanye kazi hiyo, lazima mwili wake uguse bati tupu la gari, maana upande wa pili wa betri umeungwa na bodi. Rangi haipitishi umeme. Kidude chetu kilifungwa juu ya rangi nzito, kikaacha kukata, umeme wote ukapita. Mafuta kidogo yakaonekana mengi, na maji ya kawaida yakaonekana moto.

Dalili ndiyo hiyo: mishale miwili kupanda pamoja. Ukipotea mshale mmoja tu, tafuta kasoro kwenye waya wake, au kwenye kipimo chake kilichomo ndani ya tenki au kwenye injini. Ikipotea yote miwili kwa mara moja, anza na hiki kidude.

Matengenezo yake hayakufika nusu saa. Tulifungua waya ya betri kwanza, tukalegeza skrubu, tukakwangua rangi mahali padogo kama senti, tukafunga tena. Kwa ndani doa lile halina rangi, na litabaki hivyo.

Mzee mmoja ametuuliza kama tuongeze geji nyingine. Tunasema ndiyo, lakini moja tu kwanza: ya presha ya oili. Taa ya oili huwaka presha ikiwa imekwisha kushuka sana, na hapo injini inaweza kuwa imeshaumia. Geji huonyesha inavyoshuka. Ila taa isiondolewe. Kuna kiungo cha njia tatu cha kuviweka vyote viwili. Kama geji ni ya bomba, bomba lile jembamba lisisuguane na bati, maana likitoboka oili inamwagika miguuni mwa dereva na injini inabaki kavu. Saa za kupendeza zenye taa za rangi ambazo hazijaungwa na chochote, hizo wauziwe wengine.

Halafu bado hatujui kila alama ya mafuta ni lita ngapi. Jumamosi asubuhi, tenki likiwa limekaushwa, tutamimina lita 5, tutawasha swichi bila kuwasha injini, tutangoja dakika moja kwa kuwa mshale huu hupanda polepole, kisha tutaandika umesimama wapi. Halafu lita 5 nyingine, mpaka lijae. Sigara na viberiti vibaki nyumbani. Kila mtu aje na daftari, na dereva atabandika nakala moja ndani ya mlango wake.