UBAO WA KUNYOOSHEA NCHA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama maseremala)



Leo sitaanza na habari za mishahara. Nitaanza na chombo ambacho kila seremala aweza kujitengenezea kwa vipande vilivyobaki, kisha mtaona kwamba mshahara umo humo humo.

Nilipokuwa kijana, katika karakana moja, niliunda droo sita za mvule. Ncha za mbao nilizikata kwa msumeno, nikazipiga msasa. Nilipoziunganisha, kila kona iliacha mwanya. Nyapara akasema mbao zimeharibika, na bei yake ikakatwa katika mshahara wangu. Mzee wa benchi la pili hakunicheka. Alinionyesha ubao wake.

Hutengenezwa hivi. Chukua plaiwudi iliyonyooka, sm 60 kwa sm 30. Juu yake gandisha nyingine ya urefu ule ule, upana sm 20, ili upande wa kuume ibaki njia ya sm 10. Katika njia hiyo randa italala ubavu. Chini, upande wako, pigilia kipande kitakachoshika ukingo wa benchi. Juu, upande wa mbali, weka kizuizi cha mti mgumu kinachokatiza ubao, na ncha yake ifike sawasawa kwenye njia. Kizuizi hicho ndicho kinachoushika mti usimeguke nyuma randa inapopita. Kitie skrubu mbili: tundu la kwanza likaze, la pili liwe pana kidogo, kizuizi kipate kusogezwa.

Sasa kukirekebisha. Kiweke kwa skwea, lakini usiiamini skwea peke yake, maana iliyoanguka mara moja yaweza kudanganya. Chukua vipande viwili vilivyonyooka pembeni, uvirande ncha kwa namna moja. Kimoja kigeuze, upande wa juu uwe chini. Pembe zilizoegemea kizuizi ziegemee rula moja, kisha ncha zikutanishe. Zikifungana, kizuizi ni sawa. Pakionekana mwanya, huo ni kosa lako mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo halifichiki. Legeza skrubu ya pili, sogeza kizuizi kiasi cha unene wa karatasi, kaza, ujaribu tena. Mwanya ukizidi, umekisogeza upande usiofaa.

Noa kisu cha randa vizuri, paka njia nta ya mshumaa, toa maranda membamba. Usilazimishe.

Ndugu, siku zile nilipokatwa sikujua la kusema. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kona iliyoacha mwanya kwa kukosa ujuzi si makusudi. Ukikatwa kwa ajili hiyo, usinung'unike peke yako. Mwone mwakilishi wa chama siku ile ile.

Lakini tusidai haki kwa mkono mmoja na kuharibu kazi kwa mkono wa pili. Fundi ambaye kona zake zinafungana huketi mezani na mwajiri bila kuinamisha kichwa.

Yule mzee hakunidai hata senti. Nami siwadai, ila jambo moja: kila mmoja wenu amwonyeshe kijana mmoja ubao huu kabla hajakatwa mshahara.