Cha Rafiki na cha Watu



Wahitimu wetu, iko siku utapigiwa simu na mtu mliyesoma naye: "Njoo kwenye bodi yetu, tunataka watu tunaowaamini." Siku hiyo kumbuka kisa cha kampuni ya Walt Disney.

Mwaka 1995 mtendaji mkuu, Michael Eisner, alimleta rafiki yake wa miaka mingi, Michael Ovitz, awe rais wa kampuni. Kwenye bodi waliketi mwanasheria binafsi wa Eisner, msanifu aliyechora majengo ya kampuni, na mkuu wa shule waliyosoma watoto wa Eisner. Mwanasheria huyo ndiye aliyeongoza kamati ya mishahara na kujadili mkataba wa Ovitz. Miezi 14 baadaye Ovitz aliachishwa kazi, akaondoka na takriban dola milioni 140. Wanahisa walishtaki katika jimbo la Delaware, Marekani. Mwaka 2005 mahakama iliamua kwamba wakurugenzi hawakuvunja wajibu wao kisheria, ila mwenendo wao ulikuwa mbali na utaratibu bora wa uongozi.

Hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Mbona nyingi hivi?" Nayo ni kazi nzito kumhoji mtu aliyekesha nawe msibani.

Wanangu, kujuana si dhambi. Baadhi yenu mmelipiwa ada kwa kujuana: mjomba alimwomba rafiki, rafiki akachanga. Lakini rafiki yule alichanga chake. Mjumbe wa bodi hugawa cha wengine: cha mwalimu aliyenunua hisa kwa ajili ya uzee wake, cha mfanyakazi anayekatwa mshahara kila mwezi kwa pensheni. Hicho hakina ruhusa ya kuwa zawadi ya urafiki.

Kwa hiyo, jambo la rafiki yako likifika mezani, tangaza uhusiano wenu, toka nje, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba umetoka. Katika mengine yote, baki na uulize. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na zamu yenu ya kuita ikifika, msiishie kwenye majina yaliyomo simuni mwenu. Mtafuteni na binti aliyeketi safu ya mwisho leo, ambaye hakuna kati yenu anayemjua baba yake.