Taa za Nyuma za Lori Zikikataa Kuwaka



Leo tuzungumze juu ya taa za nje za lori, hasa zile za nyuma. Vijiji na vyama vyetu vya ushirika bado vinatumia malori ya zamani, yale yenye bodi la mbao. Injini nzima, matairi yapo, lakini usiku ukilifuata nyuma huoni kitu mpaka umelikaribia kabisa. Mwenye pikipiki akija kwa mwendo, anaingia chini ya bodi. Lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi akayatandaza barabarani. Haya, matawi yanang'aa usiku?

Taa zikizima, mara nyingi tunaambiwa, "Waya zote zimeoza, nunueni mpya." Fedha za chama zinatoka. Sisi tunasema, subirini kwanza. Tufuate njia ya umeme.

Umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, swichi na waya, mpaka kwenye balbu. Je, unaishia hapo? Hapana! Lazima urudi kwenye betri. Kwenda unapita kwenye waya, lakini kurudi unapita kwenye chasisi, yaani ule uti wa mgongo wa chuma chini ya lori. Njia hii ya kurudi mafundi huiita ethi. Ndiyo inayosumbua sana kwenye malori ya zamani, maana wengi wanapokagua huangalia waya na balbu tu, basi.

Umeme wa lori haupiti kwenye mbao, wala kwenye kutu, wala kwenye rangi. Kwa hiyo taa iliyofungwa kwenye bodi la mbao lazima iwe na waya wake wa kuiunganisha na chasisi. Mvua na tope hupiga hapo kila siku. Bolti ikishika kutu, njia imefungwa.

Mtaijuaje? Mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma. Mkiona taa ndogo inafifia breki inapokanyagwa, au indiketa inawaka kidogo na hakuna aliyeiwasha, msikimbilie dukani. Umeme umekosa njia ya kurudi, sasa unapenya kwenye balbu ya jirani. Ni kama mfereji ulioziba, maji yanamwagikia shamba la mwenzako.

Ikiwa ni upande mmoja tu usiowaka, angalieni balbu, kisha ethi. Zikizima pande zote mbili kwa pamoja, anzeni na fyuzi na swichi.

Kifaa cha kupimia mnaweza kukitengeneza wenyewe: balbu moja na waya mbili. Malori mengi makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24, basi balbu nayo iwe ya volti 24. Toeni balbu ya taa mbovu, mmoja aendelee kukanyaga breki. Waya mmoja wa kipimo ugusishwe chuma kisafi cha chasisi, mwingine ncha zilizo ndani ya kishikio cha balbu, moja moja. Kipimo kikiwaka, umeme unafika. Sasa ule waya wa chasisi uhamishieni kwenye ganda la kishikio. Kikizima au kikififia, mwizi amekamatwa: ni ethi. Fungueni nati, kwangueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, kazeni, pakeni grisi juu. Lori moja la pamba tunalolijua lilitakiwa kubadilishiwa waya zote. Likapona kwa kipande cha msasa na nati moja.

Kama kipimo hakikuwaka tangu mwanzo, fuateni waya kurudi mbele, hasa pale unapopita kwenye tundu la chuma bila mpira.

Kuhusu fyuzi, tupige hesabu kidogo. Balbu mbili za breki, kila moja wati 21, jumla wati 42. Gawanya kwa volti 24, unapata ampea 1.75. Fyuzi ya ampea 10 inatosha na kubaki. Ikikatika tena na tena, waya uliochunika unagusa chuma mahali fulani. Wengine hufunga waya mnene au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, eti dereva afike. Hapo fyuzi haitaungua, utaungua waya wenyewe, na juu yake kuna pamba.

Kabla ya kukata na kuunga waya, wekeni mawe kwenye matairi na mfungue waya wa hasi wa betri. Viungo vizungushiwe tepu ya umeme, si mfuko wa nailoni. Mkimaliza, msipime lori likiwa limetulia tu. Washeni injini, itetemeshe bodi, mmoja akanyage breki na kuwasha indiketa, mwingine atikise waya nyuma. Kiungo kilicholegea kitajionyesha hapo hapo.