Kinyozi wa Mwambani

Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za samaki mmoja ambaye wavuvi wengi humwona wakampuuza, kwa kuwa hatoshi hata kitoweo cha mtoto. Urefu wake ni inchi 4 hivi. Rangi yake ni buluu isiyokolea, na mstari mweusi humpita toka mdomoni mpaka mkiani, ukizidi upana kadiri uendavyo nyuma. Yuko katika miamba ya matumbawe toka Bahari ya Sham na pwani yetu hii mpaka visiwa vya Pasifiki. Wataalamu humwita Labroides dimidiatus. Mimi nitamwita kinyozi.

Kinyozi huyu ana baraza yake mwambani. Chewa, pono, hata mkunga mwenye meno makali, humwendea wakasimama kimya, vinywa wazi na matamvua wazi, naye huingia mle mle akiwatoa vijidudu vinyonyavyo damu. Chewa angeweza kummeza mara moja, walakini hammezi. Katika Kisiwa cha Lizard, nchi ya Australia, ilihesabiwa ya kuwa kinyozi mmoja hula vijidudu 1,200 hivi kwa siku.

Lakini msidhani kwamba ni mwaminifu mtupu. Akipendacho zaidi ni ute wa ngozi ya mgeni, na mara kwa mara huudokoa. Mgeni hushtuka, akamfukuza au akaenda zake kwa kinyozi mwingine. Basi kinyozi, akiona wateja wengine wanatazama, hujizuia. Tabia ambayo sisi twaijua sana sokoni.

Ndoa zake nazo ni ajabu. Dume mmoja huwa na wake kadha wa kadha, naye akifa, yule mke mkubwa kuliko wenzake huanza kutenda kama dume siku iyo hiyo, na baada ya majuma mawili au matatu amekuwa dume kweli kweli. Habari hii ilichapishwa mwaka 1972.

Samaki huyu hukamatwa akauzwa ng'ambo kuwa pambo katika matangi ya vioo, na Kenya ni mojawapo ya nchi zimtoazo. Je, mwamba hupata hasara gani? Huko Lizard wataalamu waliwaondoa vinyozi katika miamba kadha kwa muda wa miaka 8 na nusu. Mwaka 2011 walitangaza ya kuwa hesabu ya samaki wakaao hapo ilikuwa pungufu kwa 37 katika mia kuliko miamba yenye vinyozi, na namna zao pungufu kwa 23 katika mia. Hata samaki wachanga wa jamii zipitazo, ambao hawana makao pale, walionekana wachache.