Minyoo wa Udongo Wauao Wadudu

Leo twapenda kuwaeleza habari za kiumbe mdogo mno aishiye udongoni, ambaye mwenzake mmoja amepewa jina la Mkoa wetu wa Pwani.

Wengi wetu tusikiapo habari za minyoo wa shambani hufikiri adui tu. Ni kweli wapo minyoo waingiao katika mizizi ya nyanya na bamia na kuivimbisha mafundo, hata mmea ukadhoofika. Lakini wapo wengine wasiodhuru mmea wala mtu. Chakula chao ni wadudu.

Kazi yao ni hii. Mnyoo mchanga, ambaye urefu wake ni kadiri ya milimita 1 au pungufu, humtafuta mdudu, akamwingia kwa kinywa, kwa njia ya haja, au kwa vitundu vya kupumulia. Tumboni amechukua bakteria. Huwaachilia katika damu ya mdudu, naye hufa yapata siku 2. Minyoo hula na kuzaana ndani ya mzoga, kisha watoto wao hutoka kutafuta windo jingine.

Je, wataalamu huwatambuaje? Hutia udongo chomboni pamoja na viwavi wa nondo waharibuo nta ya nyuki. Kiwavi akifa huwekwa juu ya karatasi yenye unyevu iliyozungukwa na maji. Minyoo wachanga humtoka wakaingia majini. Ndipo hutazamwa kwa hadubini na kupimwa: urefu wa mwili, umbo la mkia, na vijiti vilivyopinda ambavyo dume hujamiiana navyo. Mwisho vinasaba vyao hulinganishwa na vya aina zijulikanazo. Wasipofanana na yeyote, hupewa jina jipya. Hivyo ndivyo alivyoandikwa Steinernema karii wa Kenya mwaka 1997, na Steinernema pwaniensis wa Tanzania mwaka 2017.

Basi mmea ukinyauka, tusikimbilie sumu. Sumu nyingi za minyoo hazichagui. Huua adui na rafiki pamoja. Yatupasa kwanza kung'oa mmea mmoja na kutazama mizizi. Tukiona mafundo, tumwonyeshe bwana shamba. Ila vinundu vya kunde vibandukavyo kwa kidole si ugonjwa. Usilolijua ni kama usiku wa giza.