Kabla ya Kuchanga Pesa za Nyavu

Wapendwa wanachama wa vikundi vya Kayole, Dandora na Umoja,

Tumesikia kwamba baadhi yetu tunataka kuchanga pesa, tununue mashua na nyavu, tuvue katika bwawa la kunyunyizia mashamba huko ushago, samaki waje kukaangwa hapa mtaani. Wazo si baya. Lakini watakuwa wangapi? Upana wa maji pekee hauwezi kutujibu.

Mwaka 1974 wataalamu wawili, Henderson na Welcomme, walitoa hesabu ya maziwa ya Afrika. Walitazama mambo mawili: chumvi zilizoyeyuka majini, ambazo hupimwa kwa kifaa kidogo cha umeme, na wastani wa kina. Kina twaweza kupima wenyewe kwa kamba na jiwe, mahali pengi, tukajumlisha na kugawanya. Maji yakiwa marefu sana, rutuba huzama chini na mwanga haufiki huko.

Haya, tuchukue bwawa la hekta 10, kama ekari 25 hivi. Kifaa kisome 100, wastani wa kina uwe mita 4. Bila kuwalisha samaki, hesabu yatupa karibu kilo 65 kwa hekta kwa mwaka. Bwawa zima, kilo 650. Ni nyingi, siyo? Gawanya kwa siku 365: samaki 7 wa robo kilo kwa siku, basi! Kina kikiwa mita 16, hawafiki 4. Ni makadirio tu, na mabwawa madogo yaweza kupita hapo. Lakini hata mara mbili ni samaki 14, na mama mmoja mwenye karai huwamaliza jioni moja.

Tena bwawa la mashamba hupunguzwa maji wakati wa kiangazi. Tilapia huchimba viota karibu na ukingo, na vifaranga hukulia hapo hapo. Maji yakirudi nyuma ghafla, mahali pale panakauka.

Bwawa jipya nalo, kama Thiba kule Kirinyaga lililofunguliwa 2022 kwa mpunga wa Mwea, lisipimwe kwa miaka yake ya kwanza. Kule Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mavuno yalipanda bwawa lilipokuwa likijaa, hadi karibu 1963, kisha yakaanguka.

Kikundi kinachotaka hesabu yake kilete ukubwa wa bwawa, vina vilivyopimwa, na miezi ambayo maji hufunguliwa. Tutaketi pamoja kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi.